Beji ya Konsolata

Kifuani naitwa Konsolata.
Sijawahi kumwona. Aliondoka Jumanne,
mimi nikafika Jumatano,
beji imekwaruzwa, pini imepinda kushoto.
"Yako inachapwa," aliniambia msimamizi.
Huu mwezi wa saba inachapwa.

Kwetu Lungalunga mgeni ni siku mbili,
ya tatu mpe jembe.
Hapa Barka jembe nilipewa getini
begi likiwa bado mgongoni,
pamoja na filimbi, na fulana
yenye ngamia anayecheka.
Pasipoti ikaenda ilikokwenda.

Aliyenifundisha gurudumu alikuwa na siku tisa kazini.
Aliyemfundisha yeye alikuwa na wiki tatu,
naye alifundishwa na mtu
ambaye jina lake hakuna anayelikumbuka,
alikuwa Mnepali, au Mganda,
alipenda ndizi.
Ndivyo ujuzi unavyotufikia,
kama maji ya falaji katika shamba la mwisho:
unyevu tu.

Jua ni arobaini na sita.
Tabasamu ni sehemu ya sare, kulivua ni riali mbili.
Kukaa ni riali tatu.
Kiti kipo, ila ni cha wageni,
na wageni hawakitaki, kinaunguza.

Mtoto mmoja aliniuliza kama nalala humu,
ndani ya gurudumu.
Siku hiyo nilicheka cheko langu mwenyewe.
Nalala Mabela, kitanda cha juu,
kwenye godoro lenye bonde la mtu mwingine,
mzito kuniliko.
Kila usiku natumbukia katika umbo lake.

Dhanraj ndiye pekee aliyekuwa na miaka.
Miwili.
Alfajiri aliweka kiganja kwenye nguzo
kama anayempima mtoto homa.
"Likisema ta-ta-ta, zima.
Likisema ta, kisha likanyamaza,
zima upesi zaidi."
Akaondoka Alhamisi na blanketi
na katoni iliyofungwa kamba ya kuanikia nguo.
Hakuna aliyemuuliza kitu, hata gurudumu lilivyosema.

Idi ya pili, viti vyote vimejaa,
foleni imefika mpaka kwa muuza bisi.
Likasema ta.
Likanyamaza.

Nikabonyeza kitufe chekundu.

Watu wakaning'inia angani, abaya zinapepea,
wengine wakanitukana, wengine wakapiga picha.
Aiskrimu ya mtoto wa juu kabisa
ikanidondokea begani,
kitu cha kwanza cha baridi tangu asubuhi.
Msimamizi akaja mbio:
"Konsolata! Nani kakuruhusu?"

Fundi alipanda, akashuka na nati
kubwa kama tonge.
Akaitazama, akanitazama,
akaitia mfukoni.
Jioni faini ikabandikwa ukutani, riali kumi.
Kwenye karatasi kaandikwa Konsolata.
Kwenye mshahara nimekatwa mimi.

Jana kaletwa msichana wa Masaka,
viatu vya mtu, vimemzidi,
kifuani kaandikwa Dhanraj.
Alianza kunionyesha tabasamu
alilofundishwa ofisini kwa video.
Nikamwambia, hilo baadaye.
Nikamshika mkono, nikaubandika kwenye nguzo.
Weka hapa. Usiseme kitu.

Akasikiliza, macho kayafumba,
jasho linamtiririka puani.
"Nawe waitwa nani?" akauliza.
Nikainamisha shingo nisome kifuani,
kisha nikajizuia.
Nyamvula, nikasema. Wa mvua.
Akalirudia mara mbili.

Gurudumu likaendelea kuzunguka,
nasi viganja juu ya chuma,
nikihesabu siku zilizonibakia
za kumfundisha.
Nne.